Jinsi ya Kuwakutanisha Wazee wa Kagera pale Maramba, Vita Visianze Upya

Ukiitwa kwa babu yako jioni, ukamkuta ameketi barazani na wazee wenziwe watatu, wote wamevaa kofia, na mbele yao pana kaunta buku mpya isiyoandikwa hata mstari mmoja, usiulize umeitiwa nini. Umeshateuliwa. Una simu inayopiga picha, unajua kuandika barua ya kuomba ukumbi, na ulipoingia uliamkia kwa sauti ya kusikika. Hizo ndizo sifa za katibu wa kamati ya maandalizi ya mkutano wa wapiganaji wa vita vya Kagera, Maramba mkoani Tanga na vijiji vya jirani. Kazi haina posho, haina muda wa kumalizika, na kujiuzulu kwake huitwa kutoroka jeshi.

Kwanza ujue unashughulika na nani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 leo anagonga 70, kama hajazipita. Katika wazee wako wamo waliokuwa askari wa JWTZ hasa, watu wa namba na mshahara. Wamo waliotolewa JKT wakiwa bado vijana. Na wamo mgambo, wakulima na vibarua wa mkonge walioitwa, wakafundishwa kushika bunduki, wakapakiwa. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipita 100,000 kwa muda mfupi, na hao waliozidi hapo katikati walitoka majumbani mwa watu kama nyumba ya babu yako. Makundi haya matatu yalikwenda vitani pamoja, yakarudi na vita vitatu tofauti. Ukijaribu kuvifanya viwe kimoja, mkutano hautafika saa sita mchana.

Tarehe

Kijana aliyesoma atapendekeza Aprili 11, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1979 ndiyo Kampala ilipoanguka. Ni tarehe nzuri sana kwa mtu anayeishi Dodoma. Maramba, Aprili ni masika, na wazee wanaotoka Daluni na Bwiti walishatembea kwenye tope la kutosha kwa maisha yao yote. Hawatakushukuru kwa kuwarudishia lile la Lukaya kule Uganda.

Novemba 2, siku Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa, nayo haifai. Vuli inakuwa imeshaanza, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba hakuna mzee wa Kagera asiyeweza kuitoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, kwa vituo na pumzi za Mwalimu mwenyewe. Ukiwa na wazee 30, una hotuba 30, na zote ni ileile.

Inabaki Julai 25, Siku ya Mashujaa. Jua si kali, barabara ni kavu, machungwa ya Muheza yanauzwa kwa bei ya kutupa. Kasoro yake ni moja: siku hiyo viongozi wote wako kwenye maadhimisho yao rasmi, kwa hiyo hutapata mgeni rasmi. Ikague kasoro hii vizuri kabla ya kuilalamikia.

Orodha ya majina

Hapa ndipo kamati nyingi huanguka. Ukiandika majina ya kwenye vitambulisho vya taifa utapata orodha sahihi ambayo hakuna anayeielewa. Vitani watu walijuana kwa majina mengine, na mtindo huo ulianzia juu kabisa. Meja Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20, aliitwa Jenerali Mutukula. Silas Mayunga alikuwa Mti Mkavu. Mwita Marwa alikuwa Kambale. John Walden alikuwa Black Mamba. Ikiwa makamanda walikuwa samaki, nyoka na mti, usitarajie aliyekuwa anabeba masanduku ya risasi abaki kuwa Athumani.

Kwa hiyo pigia kaunta buku mistari ya safu mbili, jina la nyumbani na jina la vitani. Usipofanya hivyo utamwona mzee anazunguka uwanja mzima tangu asubuhi akimuulizia Kiberiti, na Kiberiti huyo ndiye Alhaji aliyeketi naye benchi moja, ambaye naye amekuja akimtafuta mtu mwingine. Miaka inaficha uso, na ndevu zinamalizia. Ila ukimwita Alhaji kwa jina la vitani, atasimama kabla hajajua kwa nini amesimama.

Acha na safu ya tatu pembeni. Hiyo usiipe kichwa cha habari, wazee watajua ya nini. Musuguri mwenyewe, aliyeanza uaskari kwenye keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na si wengi katika kombania yako watakaojaliwa mwendo huo. Waliolala kwenye makaburi ya Kaboya kule Muleba waliingia safu hiyo wakiwa vijana wa umri wako.

Kumtambua mpiganaji wa kweli

Tangazo likishasomwa msikitini na kanisani, na neno "chakula" likasikika humo, idadi ya wapiganaji wa Maramba itaongezeka. Watakuja hata waliozaliwa baada ya Amin kukimbia. Usiwafukuze kwa ukali. Huku Tanga mtu hafukuzwi penye sahani. Ila bahasha ya nauli ni jambo jingine, na hapo unahitaji mtihani.

Upo mtihani wa zamani, nao una asili ya kwetu. Wale askari wa Mjerumani waliopigana Tanga Novemba 1914, siku nyuki walipowavamia watu wa Mwingereza, kisha wakapigana tena Jasini, humuhumu Mkinga, Januari 1915, kwa masimulizi walikaa miaka mingi bila kulipwa malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa waliokuwa bado hai, wakajitokeza wazee kama 350 kule Mwanza, na wachache tu ndio waliokuwa na cheti. Ofisa wa benki aliyeshika fedha akapata akili. Kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani aonyeshe kwata ya bunduki. Wanasema hakuna aliyeshindwa.

Kwa wazee wa Kagera huhitaji ufagio. Uliza tu kuhusu miguu. Asiyekwenda atakusimulia Amin: urefu wake, nishani zake, jinsi alivyotaka amalize vita kwa kupigana ngumi na Nyerere huku Muhammad Ali akiwa refa. Hayo kila mtu aliyasikia redioni. Aliyekwenda atakusimulia buti. Atakuambia lilikuwa namba ngapi na yeye anavaa ngapi, soksi zilioza siku gani, nani alimpa kitambaa cha kufungia kisigino, na ndizi za kuchoma zilivyo tamu mtu ukiwa hujala tangu jana. Ukimuuliza Amin, atakujibu kwamba hakumwona. Mpe bahasha.

Usilete historia

Hili ndilo kubwa, na ningekuwa na uwezo ningeliandika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Wewe umesoma. Una tarehe, una majina ya brigedi, una simu yenye majibu yote. Iache mfukoni.

Chukua Lukaya. Vitabu vinaeleza kwamba Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, ilikutana pale na vifaru na makombora ya Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin. Wengi wa watu wake hawakuwahi kusikia mlio wa namna ile. Brigedi ikatawanyika. Usiku makamanda wakahangaika kuikusanya, Brigedi ya 208 ikazungushwa kuja kuziba njia kwa nyuma, na alfajiri ya Machi 11 jeshi likarudi kwa nguvu. Walibya zaidi ya 200 walikufa, na njia ya Kampala ikafunguka. Hiyo ndiyo habari ya kitabuni, wala haimwaibishi mtu. Mkulima aliyeshika bunduki kwa miezi michache akikimbia kombora usiku, halafu asubuhi akarudi palepale alipokimbia, mimi namhesabu ni shujaa kuliko ambaye hakuwahi kuogopa.

Ila jaribu kuisoma mbele ya mkutano uone. Mimi nimekaa na wazee wa Kagera kwenye vibaraza vingi vya pwani hii, na sijapata kumsikia hata mmoja aliyetawanyika Lukaya. Wote walikuwa 208. Ukijumlisha waliokuwa 208 kwa maelezo yao wenyewe, brigedi ile ilijaa tangu Masaka hadi Tanga mjini, na ile 201 haikuwa na mtu, ilitawanyika yenyewe tu. Sasa kijana uje na karatasi yako, useme "kwa mujibu wa kumbukumbu", wakati aliyekuwa 201 ameketi mbele na mkwewe?

Waachie wenyewe. Mabishano yao yana kanuni zake na yanakwenda hivi:

"Wewe Lukaya hukuwepo, bwana. Wewe ulikuwa jikoni."

"Nilikuwa jikoni, ndiyo. Na hilo jiko lilikuwa wapi? Lilikuwa Lukaya!"

"Jiko lilikuwa nyuma."

"Nyuma ya nani? Si nyuma yenu nyie mliokuwa mnakuja mbio?"

Hapo watacheka mpaka mmoja apaliwe na kahawa. Ungeingilia na tarehe, wangenyamaza wote wawili na kukutazama wewe.

Suala la nani alitangulia kuingia Kampala ni hivyohivyo. Mwaka huo Aprili 11 ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka. Mzee akikuambia waliingia siku ya Pasaka yenyewe kengele zikilia, mwambie naam. Akikuambia kombania yake ndiyo iliyotangulia, mwambie naam, na mwenziwe akisema hivyohivyo baada ya dakika tano, mwambie naam tena kwa sauti ileile. Husimuliwa kwamba kuna kikosi kilichokosa ramani kikapotea njia mjini humo, kikazunguka mitaa. Kwa hiyo huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja aliingia wa kwanza katika mtaa aliopotelea.

Sababu ya tahadhari yote hii si adabu peke yake. Mzee wa Kagera akiwa nyumbani anasikilizwa na wajukuu, na wajukuu huitikia kila kitu. Hakuna kinachomchosha mtu kama hadithi isiyopingwa. Amekuja Maramba kwa gari mbili na bodaboda moja kutafuta mtu mwenye haki ya kumwambia "mwongo wewe", na watu hao sasa wamebaki wachache. Ukiwapatanisha kwa kitabu utakuwa umewanyang'anya walichofuata.

Mgeni rasmi

Kama kamati imeshindwa kujizuia, basi fuateni utaratibu.

Mkutano utangazwe kuanza saa tatu asubuhi. Wapiganaji watafika saa moja, kwa sababu walifundishwa hivyo. Mgeni rasmi atafika saa saba. Muda huo wa kati usiupangie kitu chochote, wala usimkabidhi mshereheshaji kipaza sauti, maana hayo ndiyo masaa pekee ambayo mkutano utakuwa unafanyika kweli. Watakaa chini ya mwembe, watapasuana, watavuana kofia kutazamana makovu. Gari la mgeni likionekana, mkutano utakuwa umekwisha na sherehe imeanza.

Meza kuu iwe na kitambaa, maua ya plastiki na maji ya chupa. Iwekwe chini ya turubai. Wapiganaji wawekwe juani, wameshazoea. Waketi meza kuu wale ambao mwaka 1979 walikuwa hawajazaliwa, kwani ndio watakaozungumzia uzalendo. Kila msemaji ataanza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha atazitaja itifaki zote moja baada ya nyingine, ili kuhakikisha.

Risala iandikwe na mzee mwenye hati nzuri na isomwe na mzee mwenye sauti. Iombe matibabu, iombe kiinua mgongo kiangaliwe upya, iombe mgambo nao wakumbukwe, kwa sababu wao walirudi mashambani na hawakuwa na namba ya kudai chochote. Mgeni rasmi atajibu kwamba ameipokea. Neno hilo wazee wanalijua. Hata vitani, ombi la viatu lilipokewa.

Halafu zije zawadi, na kwa kawaida ni kipande cha sabuni na kilo ya sukari kwa kila mpiganaji. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi hii, lakini ana ucheshi wa hali ya juu. Wazee hawa walirudi kutoka Uganda wakakuta bidhaa mbili zinazoadimika madukani ni sabuni na sukari, vita vikiwa vimekomba hazina, na Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Utamwona mzee ameshika kile kipande mkononi, anakipima uzito, anapiga hesabu kimoyomoyo. Kwa hesabu za Maramba miezi ile 18 bado inaendelea.

Usafiri

Mwisho wa 1978 serikali ilichukua mabasi na malori, ya mashirika na ya watu binafsi, ikajaza wapiganaji kutoka kila mkoa, ikawafikisha Kagera, pembe nyingine kabisa ya nchi, ndani ya wiki chache. Nyie mna miezi mitatu ya kutafuta Coaster moja ya kuwatoa wazee wa Moa na Duga kuwaleta Maramba. Hamtaipata. Wekeni fungu la bodaboda, na waambieni vijana wa kijiweni kwamba babu mwenye mkongojo haubebi mkongojo kwa kuulaza, atawachapa nao wapita njia.

Fulana

Zitakuja kubwa zote. Jina la mfadhili litakuwa kubwa kuliko neno Kagera. Mwenye nishani ataitundika hapo kifuani, nayo itaivuta fulana chini mpaka shingo yake ionekane upande mmoja. Piga picha hivyohivyo.

Chakula

Atatokea mjumbe mwenye mawazo mapya, aseme wazee wapikiwe chakula cha vitani ili wakumbuke. Mjumbe huyo apewe kazi ya kutafuta viti. Mtu aliyekula maharage yenye mawe akiwa amesimama kwenye mvua hakosi usingizi kwa kuyatamani. Na ndizi za kupika msizilete kabisa. Nawajua wazee ambao tangu warudi wakizikuta mezani huhama meza. Hapa ni Tanga. Pikeni wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu, chai iliyokolea mdalasini na iliki za huko juu Usambara. Halafu mjue kwamba nusu ya kombania imekatazwa chumvi na nusu imekatazwa sukari, kila upande umeficha kwa mwenziwe, na sahani zitabadilishwa chini ya meza.

Ukiwa huko jikoni, kaa kidogo. Wanaopika ni wake zao, na wale waliobaki wajane, na historia kamili iko kwao. Wao ndio waliokaa na Redio Tanzania Dar es Salaam masikioni kusubiri jina la mji mwingine uliotekwa. Ndio wanaojua ni nani aliyerudi akawa halali kitandani, analala sakafuni na kisu. Ni nani aliyekuwa akishtushwa na baruti za kupasulia mawe hadi watoto wakawa wanacheka, wakakatazwa. Bibi mmoja atakuambia, huku akichambua mchele, wala hainui uso: "Huyo anayesema hakuogopa, muulize kwa nini miaka miwili hakwenda shamba peke yake." Haya usiyaandike kwenye kaunta buku. Na ukirudi uwanjani usimtazame babu yako kwa namna mpya, atajua umetoka wapi.

Gwaride

Haliepukiki, kwa hiyo liwahi kabla ya chakula. Shida haiko kwenye magoti, kama mnavyodhani. Shida ni nani atoe amri.

Nilivyochunguza, mpiganaji wa Kagera hupanda cheo kimoja kwa kila miaka kumi ya kukaa nyumbani. Aliyerudi akiwa koplo leo ni sajinimeja, na kama amehama kijiji ni luteni. Ukiwauliza vyeo siku hiyo utapata maofisa watupu, jeshi zima halina wa kuamrishwa. Njia ya busara ni kwenda kambini, pale JKT Maramba, mkamwombe afande mmoja kijana aje kuongoza. Cheo chake kinaonekana begani, hakina mjadala, na wazee watamtii kwa furaha ya ajabu, kwa kuwa watapata nafasi ya kumkosoa baadaye.

Simama pembeni uangalie mstari unapopangwa. Mwenye miwani anasogezwa mbele na mwenziwe kwa kiwiko. Kanzu mbili, suti moja ya kijivu, fulana zenye jina la mfadhili. Mmoja anauliza mkongojo ushikwe mkono gani, na swali linapita kwa kunong'onezwa hadi mwisho wa mstari kisha jibu linarudi: kulia, kama bunduki. Afande kijana anavuta pumzi. "Kikosi... mguu sawa!" Na mikongojo yote inagonga ardhi mara moja, pu, mlio mmoja tu, kuku wa jirani wanakimbia. Sijui walifanyaje. Walikuwa hawajafanya mazoezi hata dakika moja.

Baada ya hapo amri ya "nyuma geuka" itawagawa. Watatu watageukia kushoto, mmoja atabaki palepale kwa sababu hasikii vizuri, na mabishano kuhusu nani aliyekosea yatawafikisha hadi kwenye chakula. Hiyo ni faida kwa kamati, kwa maana wali utakuwa haujaiva.

Hesabu

Mkutano ukiisha wazee hawataondoka. Watasema wanaondoka, wataagana, watapeana mikono na kuombeana heri, halafu watasimama palepale kwa saa nyingine wakibishana kama mwakani wakutane Moa kwenye samaki au warudi hapahapa. Usikodi viti kwa siku moja. Magari ya mwisho ya kwenda Tanga yatawaacha, na wenyeji wa Maramba watagawana wageni wa kulala kwa kupigana vikumbo, kila nyumba inamtaka wa kwake.

Wewe utabaki na mweka hazina na kaunta buku. Fedha za turubai zitaonekana, za mchele zitaonekana, za fulana zitazidi kidogo na hakuna atakayeuliza. Zitapungua kreti mbili za soda. Mweka hazina, ambaye baba yake alikuwa JWTZ hasa na haamini mgambo, atataka maelezo ya maandishi. Yaandike kwa lugha inayoeleweka na wazee wote watakaokagua: kwamba jana jioni, wakati mgeni rasmi akihutubia, soda zilitawanyika, na kwamba kufikia alfajiri zilikuwa hazijajipanga upya.